Nadra kwa Nani?

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Baba mdogo aliisukuma kwangu juu ya meza akasema, "Wewe ndiye msomi, nisomee." Ilikuwa mwaka 2019, katika hospitali kubwa ya jijini ambayo sitaitaja. Kosa ninalolisimulia hapa si la hospitali. Ni langu.

Nikaanza kutafsiri. Jina, umri, upande wa figo, ukubwa wa jiwe. Nilipofika sehemu ya madhara nikakuta orodha ndefu, na muuguzi alikuwa amesimama mlangoni akisubiri. Nikaipitisha macho, nikasema, "Utakojoa damu siku moja au mbili. Yapo na madhara mengine, ila hayo ni nadra." Chini yake palikuwa na swali kama mgonjwa anatumia dawa zinazozuia damu kuganda. Nikamuuliza kwa kifupi, "Ba'mdogo, kuna dawa unatumia?" Akajibu, "Hapana, vile vidonge vya presha tu." Nikaweka alama kwenye "hapana". Akasaini.

Kati ya vile vidonge vya presha, kimoja kilikuwa aspirini.

*

Kisawasawa ipo kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Upande mmoja msitu umepanda mlimani, upande wa pili bonde limelala tambarare kuelekea Mto Kilombero. Watu wanalima mpunga, na ukielekea Kidatu unakutana na miwa, ya kiwanda na ya wakulima wa nje. Baba mdogo amelima vyote viwili. Ni kazi ya juani, na mtu anayetoka jasho kutwa bila kunywa maji ya kutosha hukojoa kidogo na mkojo wake huwa mzito. Chumvi zilizomo hukosa maji ya kuyeyukia, zikagandana punje kwa punje. Urithi na chakula navyo vina sehemu yake, lakini mawe mengi ya figo huanza kwa njia hiyo, kimya kimya, miaka mingi kabla ya maumivu.

Maumivu yalipoanza, kila mtu kijijini alikuwa na jina la ugonjwa. Jirani alisema ni ngiri. Shangazi alisema ni kichocho, kwa sababu mkojo ulikuwa na wekundu, na katika bonde hili mkojo mwekundu umekuwa na jina moja tangu enzi za babu. Tabibu wa zahanati alimpa dawa za kichocho. Baada ya wiki mbili maumivu yakarudi, safari hii yakimkunja sakafuni, na tabibu akamwandikia kwenda Ifakara kupigwa altrasaundi. Huko wakaliona: jiwe kwenye figo ya kushoto, sentimita moja na nusu. Akaambiwa njia ziko mbili, kisu au mashine ya mawimbi, na kwa mashine ingebidi asafiri. Usiku ule alinipigia simu. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, nikiishi jijini. "Mwanangu," alisema, "kumbe kuna chombo kinavunja jiwe tumboni na mtu hachanwi hata ngozi."

Siku ya tiba alilala kitandani, mfuko laini wenye maji ukabanwa ubavuni kwake. Mimi nilikaa nje. Kwa karibu saa nzima nilisikia tak, tak, tak, kama mtu anayegonga bati kwa ukucha. Alitoka akitabasamu. Mkojo wake wa kwanza ulikuwa mwekundu kama rosela, nasi sote tulifurahi, maana ndivyo tulivyoambiwa ungekuwa.

*

Chombo kile hakikuanza hospitalini. Kilianza katika kiwanda cha ndege.

Friedrichshafen ni mji wa kusini mwa Ujerumani, kando ya ziwa la Konstanz. Kampuni ya Dornier ilikuwa ikitengeneza ndege huko, na katika miaka ya 1960 wahandisi wake walikuwa na swali kuhusu mvua: ndege iendayo kasi kuliko sauti ikigonga tone la maji, bati lake hupatwa na nini? Waliona kwamba tone likigongwa kwa kasi hiyo huzaa wimbi la mshtuko, yaani msukumo mkali wa ghafla unaosafiri ndani ya chuma na kukiharibu hata pale ambapo maji hayakugusa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1966, wakati wa majaribio ya namna hiyo, mfanyakazi mmoja aliigusa shabaha nukta ileile risasi ilipoigonga. Alihisi kitu kama kupigwa na umeme. Walipopima hawakukuta umeme wowote. Wimbi lilikuwa limetoka kwenye chuma, likaingia mkononi, likapita mwilini, na ngozi haikuwa na alama.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kisa cha bahati njema. Mimi kilichonishangaza ni hatua iliyofuata. Hakuna aliyekimbilia kutafuta tiba. Swali la kwanza lilikuwa la madhara: kama wimbi hili linaweza kupita ndani ya mtu, linamfanya nini huko ndani? Wizara ya Ulinzi ya Ujerumani Magharibi iligharamia utafiti huo kwa wanyama kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, maana hata askari aliyekaa ndani ya kifaru salama angeweza kufikwa na wimbi iwapo kifaru chake kingepigwa. Wakagundua kwamba misuli na mafuta vililipitisha wimbi bila kudhurika sana, lakini mapafu yaliumia.

Sababu yake inaeleweka kirahisi. Mwili kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo wimbi lililozaliwa majini hupita ndani ya nyama kana kwamba bado liko majini. Likikutana na kitu cha aina nyingine, kama hewa iliyo ndani ya mapafu, ndipo linapotua mzigo wake. Hivyo orodha ya madhara ndiyo iliyoonyesha njia ya tiba. Kama kuna kitu kigumu ndani ya mwili kisichofanana na maji, wimbi litakipiga hicho na kuiacha nyama inayokizunguka. Jiwe la figo ni kitu cha namna hiyo.

Katika miaka ya 1970 kazi ilihamia München. Madaktari Christian Chaussy, Ferdinand Eisenberger na Walter Brendel, pamoja na mwanafizikia Bernd Forssmann wa Dornier, walipandikiza mawe ya binadamu katika figo za mbwa, wakayavunja, kisha wakawachunguza mbwa hao kuona kilichoharibika. Mnamo Februari 1980 mtu wa kwanza aliingia kwenye maji. Nasema maji kwa sababu mashine ya kwanza ilikuwa beseni kubwa. Mgonjwa alilazwa usingizi, akafungwa kwenye kiti, akateremshwa hadi maji yakamfunika kifua. Chini yake palikuwa na bakuli la chuma lililochongwa kama nusu ya yai. Cheche ya umeme ililipuka ndani ya bakuli, wimbi likatawanyika, kuta za bakuli zikalikusanya tena mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo madaktari, kwa kutumia eksirei, walipoliweka jiwe.

Mashine ile ilikuwa na tabia moja ninayoipenda. Mapema kabisa ilibainika kwamba wimbi likipiga wakati usiofaa linaweza kuuvuruga mwendo wa moyo. Wakaiunganisha cheche na kipimo cha mapigo, ili kila pigo la mashine lifuate pigo la moyo wa mgonjwa. Moyo ukienda taratibu, mashine nayo ilisubiri.

Kabla ya hapo, mtu mwenye jiwe kubwa la figo alichanwa ubavu, akalala wodini, kisha akakaa wiki nyingi bila kuinua kitu kizito. Baada ya hapo alitembea kurudi nyumbani. Mwishoni mwa 1984 Marekani iliiruhusu mashine hiyo, na katika miaka michache tu ilienea katika nchi tajiri, kisha polepole kwingineko, hadi ikafika kwetu. Tiba chache za karne iliyopita zilipokelewa kwa furaha kama hiyo. Furaha hiyo nilikuwa nayo mimi pia siku nilipomsindikiza baba mdogo stendi.

*

Alipanda basi alfajiri, siku ya pili baada ya tiba. Alipofika Mikumi alinipigia akasema ubavu unamuuma. Nikamwambia ni vipande vinashuka. Walipovuka Kidatu barabara ikaharibika, maana kipande cha kutoka hapo hadi Ifakara kilikuwa bado kinajengwa, vumbi na mashimo. Simu yake ya pili ilitoka njiani huko: maumivu yamezidi kidogo, lakini mkojo umekuwa safi, hauna damu tena.

"Basi umepona," nikamwambia.

Asubuhi iliyofuata shangazi alipiga. Baba mdogo aliamka kwenda chooni, akaanguka mlangoni. Alikuwa ametota jasho na mwili wake ulikuwa wa baridi. Mkojo ulikuwa mweupe kabisa, kwa hiyo walidhani ni malaria, au njaa, au uchovu wa safari. Wakakodi Noah kwenda Ifakara. Daktari alipomweka altrasaundi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mzee anatumia dawa yoyote. Shangazi akafungua mkoba wake, akatoa vidonge, akavipanga kitandani.

Damu ilikuwa imevilia kati ya figo na utando unaoifunika. Haikuwa na njia ya kuingia kwenye mkojo. Ilikuwa inajikusanya pale pale, gizani, wakati mkojo ukisafika na mimi nikimwambia mtu kwenye simu kwamba amepona.

*

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu tiba katika bonde la Kilombero. Lakini kwa miezi kadhaa nilifuatilia jambo ambalo halimo kwenye tasnifu. Nilitaka kujua neno "nadra" lilifikaje kwenye ile fomu. Nilidhani ni neno la wanasheria. Nikakuta ni neno lililotengenezwa na watu waliokaa chini wakahesabu.

Mwaka 1988 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu ya matibabu 3,620. Kati ya hayo, 24 yalifuatiwa na damu kuvilia kuizunguka figo kiasi cha kumsumbua mgonjwa. Hiyo ni chini ya 1 kati ya 100, na hapo ndipo fomu nyingi huishia: nadra. Lakini hawakuishia hapo. Waliwatenga wagonjwa wenye presha, wakakuta kwa hao ni kati ya 2 na 3 kwa kila 100. Waliwatenga tena wale ambao presha yao haikudhibitiwa vizuri, wakakuta inakaribia 4. Tiba ni ileile, mashine ni ileile, na neno linabadilika kadiri unavyokaribia mtu fulani. Ongeza aspirini, na mtu huyo anazidi kukaribia.

Wengine walifanya jambo rahisi zaidi. Badala ya kusubiri mgonjwa alalamike, waliwapiga wagonjwa picha za ndani baada ya tiba, hata wale waliojisikia vizuri. Dalili za figo kuchubuka na damu kuvilia zilionekana kwa watu wengi mno kuliko wale waliolalamika. Kwa wengi mwili ulijitibu wenyewe na hakuna aliyejua. Maana yake ni kwamba namba ile ndogo haikuwa namba ya madhara yaliyotokea. Ilikuwa namba ya madhara yaliyofika kwa daktari.

Walichunguza pia jinsi madhara yanavyotokea. Kila wimbi huacha nyuma yake mapovu madogo sana ndani ya majimaji ya mwili. Mapovu hayo hujifunga kwa nguvu, na nguvu hiyo husaidia kulimega jiwe, lakini yakijifunga ndani ya mshipa mwembamba wa damu huupasua. Mashine za baadaye ziliachana na beseni, zikawa ndogo, hazikusubiri moyo, na madaktari wakaziendesha hadi mapigo 120 kwa dakika ili kuokoa muda. Majaribio yakaja kuonyesha kwamba mapigo 60 kwa dakika, karibu na mwendo wa moyo uliopumzika, hulivunja jiwe vizuri zaidi. Tena figo huumia kidogo zaidi ukianza na mapigo mepesi kabla ya makali, kana kwamba unaibishia hodi. Mashine ya kwanza, iliyousubiri moyo kwa hofu tu, ilikuwa imeipata sehemu ya jibu bila kujua.

Kisha kuna madhara ambayo hayana hata namba. Vipande vya jiwe vikishuka kwa pamoja hujipanga kwenye mrija wa mkojo mmoja nyuma ya mwingine, vikauziba. Wajerumani wameyapa hayo jina la Steinstrasse, barabara ya mawe, na hayo bado yanahesabika. Vivyo hivyo maambukizi yaliyojificha ndani ya jiwe yanayomwagika kwenye damu linapovunjika. Lakini bandama lililopasuka? Kongosho lililovimba? Utumbo uliotoboka? Mshipa mkuu wa damu uliokuwa umetuna tumboni, ukapasuka siku chache baada ya tiba? Haya yote yameandikwa, na mengi yameandikwa kwa njia moja: daktari mmoja, mgonjwa mmoja, kurasa mbili tatu katika jarida. Ukizisoma ripoti hizo unasikia sauti ya mtu anayewaandikia wenzake barua. Nimeona hili. Je, nanyi mmeliona?

Wakati mwingine barua hizo hukosea. Mwaka 2006 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliwafuatilia watu waliotibiwa mwaka 1985, wakasema miaka 19 baadaye wengi zaidi kati yao walikuwa na presha na kisukari. Hofu ilikuwa kubwa. Tafiti kadhaa za baadaye hazikuona hivyo. Hata hivyo siwezi kuwalaumu waliouliza. Mtu aliyetibiwa 1985 akiwa kijana, ambaye mtu fulani anamtafuta mwaka 2004 kumuuliza hali yake, ametendewa jambo ambalo wagonjwa wachache duniani hutendewa.

*

Unaweza kudhani kwamba kuhesabu kwa namna hiyo ni mambo ya Ulaya na Marekani, na kwamba sisi wa bonde la Kilombero tulihesabiwa tu siku ya sensa. Tasnifu yangu inanionyesha kinyume chake.

Daktari Karl Schöpf alifika Ifakara mwaka 1944, kwenye misheni ya Wakapuchini wa Uswisi, akakaa miongo mingi. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikua mikononi mwake. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alifungua hapo maabara ndogo ya utafiti, ambayo ndiyo mbegu ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Miaka ya 1980 watafiti walikwenda na kurudi katika kijiji cha Kikwawila, karibu na Ifakara, wakifuatilia afya ya watoto walewale mwaka hadi mwaka. Tangu 1996 makumi ya maelfu ya watu katika vijiji vya Kilombero na Ulanga wamekuwa wakiandikwa daftarini kila anapozaliwa mtu, anapohama au anapofariki. Daftari hilo ndilo lililowezesha dunia kujua, mwaka 2001, kwamba vyandarua vyenye dawa vilivyouzwa hapa kwa jina la Zuia Mbu vilikuwa vimeongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27.

Na mkojo mwekundu nao ulihesabiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya jirani ya Kilosa, watafiti walikuwa na tatizo la pesa: kupima mkojo wa watoto wa wilaya nzima kwa hadubini ni ghali. Mtu akapata wazo la kuwauliza watoto wenyewe. Maswali yalipelekwa shuleni, walimu wakayasoma darasani, watoto wakajibu kama wana kichocho. Majibu ya watoto yalizitambua vizuri shule zilizokuwa na ugonjwa mwingi, na njia hiyo ikaja kutumika katika nchi nyingi za Afrika. Maarifa hayo hayakuhitaji mashine. Yalihitaji mtu wa kuuliza swali linaloeleweka, kwa lugha ya anayeulizwa, na kuamini jibu.

Nilipofika kwenye habari hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Miaka thelathini kabla yangu, walimu wa shule za msingi za Kilosa waliwauliza watoto swali la afya kwa Kiswahili wakapata jibu la kweli. Mimi, msomi wa ukoo, nilimuuliza mtu mzima "kuna dawa unatumia?" nikapata jibu la uongo, wakati yeye hakudanganya. Kwa baba mdogo dawa ni kitu unachokunywa ukiumwa hadi upone. Vidonge vya presha havikuwa dawa. Vilikuwa sehemu ya asubuhi, kama chai. Swali langu lilikuwa bovu, na nilikuwa na haraka.

Bonde letu linajua kuhesabu. Limehesabu mbu, vyandarua, watoto na mikojo. Lakini mtu akitoka Kisawasawa kwenda kutibiwa mbali, akarudi, akaumwa, anatoka kwenye kila daftari. Hospitali iliyomtibu inajua alitoka akitabasamu. Hospitali iliyomwokoa inajua alifika amepauka. Katikati yao kuna saa nyingi za barabara na simu mbili nilizopokea mimi. Hapo ndipo neno nadra linapokuwa la hatari kwa watu wa kwetu. Kwa anayeishi mtaa wa pili kutoka wodini, damu kuvilia ni madhara nadra ambayo aghalabu hutibika kwa kulala, kufuatiliwa na kuongezewa damu. Kwa anayeishi mbali, madhara yaleyale yanaweza kuwa kifo kisichojulikana kimesababishwa na nini, na kwa kuwa hakijulikani, hakiandikwi, na neno linabaki nadra.

*

Baba mdogo hakufa. Aliongezewa chupa mbili za damu, moja ikatoka kwa binamu yangu, nyingine kwa fundi baiskeli wa jirani, yule yule wa ngiri. Hakupasuliwa. Alilala wodini siku tisa, vidonge vya aspirini vikasimamishwa, na bonge la damu likaanza kunywea taratibu. Nilikwenda kumwona siku ya tatu. Nilipiga goti pembeni ya kitanda, nikamwamkia, nikamweleza habari ya fomu yote, mstari kwa mstari, pamoja na ile alama ya "hapana". Alinisikiliza akitazama dari.

"Ulinificha?" aliuliza.

"Hapana, ba'mdogo. Nilifupisha."

Akafikiri. "Mimi nisingekataa," alisema. "Ila vile vidonge ningekutajia."

Wiki mbili baadaye nilipiga simu katika ile hospitali ya jijini. Sikujua niseme nini. Nilitaka tu waandike. Simu ikahamishwa mara tatu, hadi kwa daktari kijana aliyeniomba namba ya faili, akauliza tarehe, dawa, na kipimo cha altrasaundi ya Ifakara. Alinisomea alichoandika ili nikihakiki. Kisha akasema jambo ambalo nimelikumbuka kila niliposoma takwimu tangu siku hiyo: "Wengi huwa hawarudi kutuambia."

Kipande cha jiwe kilikuwa kimebaki. Miezi minne baadaye tulirudi, safari hii kukitoa kwa kamera nyembamba inayopita kwenye njia ya mkojo. Chumba kilikuwa kingine, meza nyingine, fomu ya kurasa tatu, ya Kiingereza vilevile. Muuguzi alisimama mlangoni. Nilimwomba dakika kumi, akaenda kukaa.

Kabla sijafungua mdomo, baba mdogo aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa pakiti za vidonge vyake vyote, hata za dawa ya maumivu na za minyoo, akazipanga juu ya meza moja moja kama mtu anayecheza karata.

"Anza na hizi," akasema. "Halafu usome yote."